Kiko cha Kichwa Chini

Kwetu Appenzell, milimani Uswisi, mtu asiye na lakabu ni kama hajazaliwa bado. Majina ya ukoo tuliyonayo hayatoshi hata kugawana: simama sokoni uite "Fässler!" uone, nusu ya soko itageuka na mbwa wawili watabweka. Ndiyo maana kila nyumba ina jina lake la utani. Kuna Fässler wa Kengele, kuna Fässler wa Uji Ulioungua, kuna Dörig wa Nusu Paa, ambao babu yao alianza kuezeka nyumba akakatiza kwenda kunywa na hakurudi kumalizia. Majina hayo yamo kwenye kitabu cha simu, yamo kwenye matangazo ya vifo, na Mungu anisamehe, nadhani hata mbinguni kuna mtu mlangoni anayeuliza, "Fässler yupi?" Lakabu haiombwi, hainunuliwi, na haikatiwi rufaa. Inakudondokea siku moja kama kinyesi cha ndege, na wajukuu zako ndio watakaojipangusa.

Ruedi Brauchli hakuwa nayo. Alikuwa mtu wa Thurgau, kule tambarare kwenye miti ya matufaha, ambako watu huomba radhi hata wakikanyagwa wao. Alikuja kutengeneza mashine za kukamulia, akampenda Sefa binti Bisch wa Kengele, akaoa, akabaki. Alikuwa mrefu kuliko milango yetu yote, na hapana zizi katika bonde letu ambalo hakujigonga kichwa. Watu walimwita "yule wa Thurgau," hata walipokuwa wakimshukuru. Yeye mwenyewe alikwisha zoea, na alikuwa wa kwanza kujicheka. Kilichomchoma ni binti yake Frena, aliyezaliwa papa hapa, anayetukana kwa lafudhi yetu bila kukosea hata herufi, na bado shuleni wanamwita "Thurgau mdogo." Siku moja mtoto alirudi, akatupa mkoba chini, akauliza, "Baba, sisi ni wa nini?" Ruedi, fundi mzima anayeweza kukuambia kwa kusikiliza tu ni mpira gani unaovuja, akakosa la kumjibu mwanawe.

Basi majira ya kuchipua yale, Köbi, mfanyakazi wa Bisch, akaanguka kutoka dari la nyasi kavu akavunjika bega, na siku ya kupandisha ng'ombe mlimani ilikuwa imekaribia. Msafara wetu una mpango wake, na mpango wenyewe hauna mjadala: mbele mbuzi weupe, kisha mchungaji mkuu na ng'ombe wa kengele, kisha wanaume wanne wa vizibao vyekundu, kila mmoja na kiko chake, wakiimba kwa koo, kisha kundi zima, na nyuma kabisa mwenye mali na mbwa wake. Bila Köbi walikuwa watatu. Watatu si wanne, hata mkate haukatwi hivyo.

Jumapili, mezani, Bisch alikata kiazi chake akasema, akikitazama kiazi na si mtu, "Kizibao cha Köbi kitamtosha yule wa Thurgau. Suruali itamwishia magotini. Lakini kutembea atatembea, miguu anayo ya kumwaga."

"Baba, mume wangu ana jina," Sefa akasema.

"Jina analo. Kiko hana."

Bisch alikuwa hivyo. Mzee mfupi, mkavu, mwenye ulimi wa kisu, ambaye katika kila mkutano wa wafugaji alisimama na kujigamba kuwa ndama wa nyumba ya Kengele wananyonya ziwa la mama zao na hawajapata kulamba unga wa maziwa wa gunia tangu dunia iumbwe. Alikuwa akiwaita wanaotumia unga "wapishi wa uji." Kwa mkwe wake hakuwa mbaya. Alimpa viazi, alimpa binti, alimpa mashine zilizoharibika. Jina tu ndilo alilomnyima.

"Nitaazima cha Köbi," Ruedi akasema.

Bisch akaweka uma chini. "Kiko na meno ya bandia haviazimwi. Mwanamume hununua chake."

Moyo wa Ruedi uliruka. Kila mtu anajua kwamba matembezi ya kwanza ya mtu ndiyo siku ambayo macho yote yako juu yake, na macho yote yakiwa juu yako, jina haliko mbali. Hao wa Kengele wenyewe walilipata hivyo: ng'ombe wa kengele aliteguka mguu njiani, babu wa babu yao akajitwika kengele zote tatu mpaka juu, na wimbo hakuukatiza. Ruedi akaanza kuota. Ruedi wa Moshi. Ruedi wa Kiko cha Fedha. Frena wa Kiko cha Fedha, lo, hata mwalimu angemwita kwa adabu! Kisha akaota na yale mengine, Ruedi wa Kikohozi, Ruedi wa Suruali Fupi, na jasho likamtoka.

Duka la viko ni la Wendla, mama mfupi wa aproni ya ngozi, anayetengeneza fedha ya viko na vipuli vya wachungaji kwa mikono yake. Ruedi aliingia akiwa tayari ameangalia mtandaoni mafunzo ya wanaume wenye ndevu wanaoongea polepole kuhusu moshi. Kichwa kilikuwa kimejaa. Alijigonga mlangoni, kikapungua kidogo.

"Nataka kiko," akasema.

"Nimefurahi. Nilidhani umekuja kupima urefu wa mlango."

Pembeni kulikuwa na kiko cha kigeni, kirefu, kilichopinda vizuri, cha watu wanaofikiri. Ruedi alikitia mdomoni akajitazama kwenye kioo, akakunja uso kidogo, akaegemeza kidevu mkononi.

"Nafanana na daktari," akasema.

"Wa mifugo," Wendla akajibu. "Rudisha. Ukitembea na hicho mbele ya ng'ombe, mbuzi watakuzomea."

Akamtolea viko vyetu viwili, vya mrija mfupi, vyenye kifuniko cha fedha na mnyororo, ambavyo sisi huvivuta vikiwa vimepinduliwa, bakuli likitazama chini. Usiniulize kwa nini. Wengine husema ni kwa sababu ya mvua, wengine kwa sababu ya upepo, mimi nasema ni ukaidi tu. Kimoja kilikuwa kidogo na hakikuwa na mapambo. Cha pili kilikuwa na bakuli kubwa, fedha tele, na ng'ombe aliyechorwa kwenye kifuniko mpaka kope.

"Anayeanza huanza na bakuli dogo," Wendla akasema. "Unajaza kidogo, unavuta kidogo, unatapika kidogo."

"Nitatapika?"

"Kwani wewe nani?"

Ruedi alikishika kile kidogo, akakiona cha maana kabisa, kinamfaa kabisa, na akanunua kile kikubwa. Yeye mwenyewe alijiona akifanya upumbavu, akajipisha aufanye. Mtu anayetaka jina hanunui kitu kidogo.

Ikaja zamu ya tumbaku. Wendla akafungua mtungi wa ile yetu, nyeusi, ya kukatwa vipande vinene. Ruedi akainusa, machozi yakamtoka. Ilinuka kama lijamu ya farasi aliyekufa akiwa na kinyongo.

"Hii ndiyo wanayovuta wote?"

"Wote. Mkwe wako tangu alipobarikiwa kanisani."

Hapo ndipo macho ya Ruedi yakaangukia kopo la manjano rafuni, akalifungua, na ikamjia harufu ya vanila, laini, tamu, harufu ya jikoni siku ya kuamkia Krismasi. Akafumba macho.

"Na hii?"

"Hiyo ni ya watalii na mabwana harusi," Wendla akasema. "Haina ubaya wowote. Ila ukiivuta mbele ya Bisch, usiseme mimi nimekuuzia."

Ruedi akanunua zote mbili. Ile nyeusi ya kuonyesha, ile tamu ya kuvuta. Angetia vanila ndani ya kifuko cha tumbaku ya wanaume, na nani angejua? Aliona ni akili kubwa sana, na alitoka dukani akijipongeza, kichwa juu. Mlango ukamkumbusha.

Sefa alikataa moshi ndani ya nyumba, kwa hiyo Ruedi alijifunzia kwenye banda la ndama la Bisch, mzee akiwa kwenye usingizi wake wa mchana. Akionekana, angesema anatengeneza bomba. Siku ya kwanza, kwa heshima, alijaribu ile nyeusi. Alivuta mara tatu. Mara ya kwanza aliona nyota, mara ya pili aliona babu yake, mara ya tatu aliona alichokula asubuhi. Ndama walimtazama kwa huruma.

Kuanzia hapo akashika vanila. Lakini kuvuta kiko kichwa chini ni elimu, bwana. Usiposhindilia vizuri, shehena yote inamwagika ikiwaka. Alitoboa soksi, akatoboa shati, akaunguza kitu ambacho Sefa peke yake ndiye aliyeruhusiwa kukicheka. Polepole akajifunza: tabaka la kwanza ulibonyeze kwa mkono wa mtoto, la pili kwa mkono wa mama, la tatu kwa mkono wa mama mkwe. Ndama wakazoea kumzunguka wakinusanusa. Banda nalo lilikuwa likinukia vanila hata kabla hajawasha, na Ruedi akajisifu moyoni, "Ama kweli tumbaku yangu ina nguvu, imeshika mpaka kwenye mbao!"

Jioni moja Sefa alimpokea mlangoni, akamnusa shingoni.

"Umeoka?"

"Nimevuta."

"Umevuta keki?"

Ruedi akamweleza mpango wake wa kifuko, kwa fahari. Sefa alikaa kitini, akacheka hadi akashika ubavu, kisha akaacha kucheka ghafla.

"Baba Frena, nisikilize. Wakiipata harufu hii watakupa jina ambalo hata paka wetu ataona haya kuitwa. Nawe utacheka, nakujua, wewe hucheka. Lakini mtoto atalibeba mpaka kaburini."

"Nani atajua? Kifuko ni cha ile kali."

"Pua, Ruedi. Watu wana pua."

Siku ikafika, na ilikuwa siku nzuri ya kuudhi, mbingu safi, theluji ya mlima Säntis inang'aa juu kabisa. Kizibao cha Köbi kilimkaa Ruedi vizuri. Suruali ya ngozi ya manjano ikaishia magotini, kama Bisch alivyotabiri, na soksi nyeupe zikafanya kazi kubwa kuliko walivyokusudia waliozifuma. Kofia ilikuwa na maua. Kiko kilikuwa na fedha kuliko cha mtu yeyote katika msafara, hata cha mchungaji mkuu, na wenzake watatu walikitazama wakanyamaza. Kwetu kunyamaza si dalili nzuri.

Waliimba, walitembea, na Ruedi hakukosea. Walipofika kwenye baa ya njia panda, msafara ukasimama kama desturi, wanaume wapate kinywaji kichungu cha mitishamba na kuwasha viko, na ng'ombe wapumue. Nusu ya bonde ilikuwa uani pale. Sefa alikuwepo. Frena alikuwa amekaa juu ya ua pamoja na wanafunzi wenzake, akimpungia mkono kwa siri, chini chini, asije akaonekana. Ruedi akajaza kiko, akashindilia: mtoto, mama, mama mkwe. Akawasha, akafunga kifuniko, akakipindua. Hakikumwagika! Moshi mweupe ukapanda taratibu kupita ukingo wa kofia yake, na watu wakageuka kumtazama. Alijiona mrefu kwa mara ya kwanza bila kuomba radhi. Jina linakuja, akawaza. Naliona linakuja.

Kilichokuja ni upepo. Uligeuka, ukachukua ule moshi ukaupeleka nyuma, kwa mitamba na ndama walioachishwa kunyonya majira ya baridi.

Mtamba mmoja akainua pua. Akatoa mlio kama wa mtoto aliyeona chupa ya maziwa. Kisha akaja, na wenzake wote nyuma yake, wakapita katikati ya meza, wakaangusha mabenchi, wakamwendea Ruedi moja kwa moja. Wa kwanza akalamba kifuniko cha fedha. Wa pili akaingiza mkono wote wa shati mdomoni, akaanza kunyonya. Mwingine akala maua ya kofia, mwingine akamsukuma kwa kichwa tumboni, vile ndama anavyolisukuma ziwa ili maziwa yashuke. Ruedi akarudi nyuma mpaka ukutani mwa baa, mikono juu, kiko mdomoni, akinyonywa pande zote. Uwanja mzima ukapasuka kwa kicheko. Naye, maskini, akacheka pia. Afanyeje? Aliwaza tu, "Basi nimekwisha. Frena, mwanangu, nisamehe."

Ndipo Migg wa Uji Ulioungua akapanda juu ya benchi. Migg na Bisch walikuwa wakichimbana kwa maneno tangu utotoni, na Migg ndiye aliyekuwa akiitwa mpishi wa uji katika kila mkutano.

"Hebu tulieni!" akapaza sauti. "Tulieni, jamani! Ndama hawendi mbio hivyo kwa tumbaku. Nuseni hewa! Hiyo harufu mimi naijua, ninayo nyumbani, nami sikatai. Ni harufu ya unga wa maziwa. Wanautia vanila ili ndama wanywe!"

Kicheko kikapungua. Wafugaji wakanusa. Wakatazamana.

"Bisch!" Migg akaita, na sauti yake ikawa tamu. "Bisch wa Kengele! Wanao hawa mama yao ni nani? Mama yao ni gunia?"

Mtu nyuma akalionja jina kwa sauti ya chini: "Bisch wa Gunia." Mwingine akalirudia. Wenyeji tunajua sauti ile. Ni sauti ya jina linalotafuta mahali pa kukaa.

Ruedi akamtazama mkwe wake juu ya migongo ya ndama. Mzee alikuwa amesimama mwisho wa msafara na mkono wake juu ya kichwa cha mbwa, midomo ikicheza, na hakuna neno lililotoka. Mtu ambaye hajawahi kupungukiwa na tusi tangu abatizwe! Na hapo Ruedi akaelewa kwa nini banda lilikuwa likinukia kabla hajawasha kibiriti. Tumbaku haikuwa na nguvu yoyote. Alikuwa amevuta kiko siku zote zile karibu na gunia lililofichwa, akajisifu.

Na nitasema kweli: alifurahi. Kwa pumzi moja tu, lakini alifurahi. Kicheko kilikuwa kinamtoka yeye kinamwendea mwingine. Angenyamaza tu, na kesho hakuna mtu angemkumbuka mtu wa Thurgau na kofia iliyoliwa, wangekumbuka gunia. Miaka mingi mzee huyu alimnyima jina, na sasa angepoteza lake. Kisha akamwona Frena juu ya ua. Mtoto hakuwa anamtazama baba yake. Alikuwa anamtazama babu yake, na uso wake ulikuwa umeanza kukunjika.

"Ni mimi!" Ruedi akapiga kelele. Sauti ilimkatika kama ya kijana anayebalehe, akairudia. "Ni mimi! Sikilizeni, ni mimi!"

Akajinasua, akatoa kifuko, akakipindua mbele ya Migg. Tumbaku ya rangi ya asali ikamwagika juu ya benchi, na ndama wawili wakaigombania.

"Nusa, Migg. Vanila. Ya watalii na mabwana harusi. Nimeinunua mwenyewe, nikaificha kwenye kifuko cha tumbaku ya wanaume, kwa sababu ile yenu ilinitapisha hadi nikaiona roho yangu."

"Aa, hilo tunaliamini," Migg akasema. "Na ndama?"

"Ndama nimewaharibu mimi. Nilijifunzia bandani mwao, mzee akiwa amelala. Nikikohoa wanapiga kelele, nikawa naogopa atazinduka anikute na keki mdomoni. Basi nikawa nawalambisha sukari ya vanila ya mke wangu, kiganjani, kila siku, wanyamaze." Akapangusa kiganja kwenye suruali. "Mzee hajui lolote. Ndama wake wamelelewa kwa ziwa. Mimi ndiye niliyewapoteza."

Kisha sauti ya Sefa ikatoka katikati ya umati, kali kama ya baba yake.

"Kumbe ndiwe uliyenimalizia sukari! Na mimi siku zote namchapa paka!"

Basi, ikawa vile. Watu walicheka hadi wakashikana mabega. Migg alisimama juu ya benchi akimtazama Bisch, akamtazama Ruedi, na ilionekana wazi kwamba anajua, na kwamba inamuuma kuliachia gunia. Lakini mwenyeji wa kwetu hawezi kuuacha mzaha mzuri uoze. Akanyoosha kidole kwa huyo mtu mrefu aliyelowa mate, kofia bila maua, soksi hadi magotini.

"Vanili!" akasema.

Na likakaa. Kila mtu alilisikia likikaa.

Ruedi akapanda mlima kama Vanili, akaimba kama Vanili, na kwenye kona kali wenzake watatu walimwonya, "Vanili, angalia jiwe." Alicheka kila mara. Ndani alikuwa anajitukana kwa Kithurgau, ambayo ni lugha ya upole na haisaidii sana.

Juu kwenye malisho, baada ya ng'ombe kuingia na watu kula makaroni ya jibini na matufaha ya kuponda, Ruedi alikaa nje ya kibanda akijaribu kutoa mate ya ndama kwenye mnyororo wa kiko. Bisch akaja akasimama kando yake.

"Gunia liko nyuma ya mashine ya kukatia nyasi," mzee akasema.

"Sikuuliza, Baba."

"Ng'ombe wawili walikauka. Maziwa hayakutosha jibini na ndama. Nikachagua jibini."

"Sikuuliza."

"Najua hukuuliza!" Bisch alikuwa na hasira kweli, maana kwetu shukrani hutokea mlango huo huo wa hasira. "Watu wa Thurgau mna vidole virefu, dunia nzima inajua. Nilidhani umeniibia binti, basi. Leo umeniibia aibu yangu mbele ya watu wote, na siwezi hata kukushtaki."

Ruedi akaendelea kupangusa mnyororo.

"Sasa sikia. Lile jina lako ni baya, na limeshika. Libebe wewe. Mtoto asilibebe. Frena akiulizwa, aseme yeye ni wa Kengele. Mimi mwenyewe nitawaambia watu. Nani atanibishia?"

"Baba..."

"Usinishukuru. Unanuka, Vanili."

Akaingia ndani akafunga mlango. Ruedi alibaki pale akiwa na furaha iliyomfanya aogope kusimama. Alikwenda kutafuta jina la kumpa mtoto, akamletea jina lililo bora kuliko yote bondeni, lenye kengele tatu na wimbo usiokatika. Yeye kuitwa Vanili mpaka tangazo la kifo chake, kwake ilikuwa bei ya kutupa.

Ruedi alishuka bondeni, na Frena akaambiwa usiku ule kitandani. Alisikiliza, akasema, "Sawa," akageukia ukutani.

Siku ya shule iliyofuata, Ruedi hakwenda kazini. Alikaa mbele ya nyumba na pampu ambayo haikuwa mbovu, akaifungua, akaifunga, akaifungua. Mtoto alipotokea njiani akiburuta mkoba, aliinuka haraka mno, akajigonga kwenye kizingiti.

"Walikuuliza?"

"Waliniuliza."

"Ukasema wa Kengele?"

"Nikasema wa Vanili."

Ruedi akakaa chini tena. "Frena. Babu amekupa jina zuri kuliko yote. Kwa nini, mwanangu? Watakucheka mpaka uzeeke."

"Wamekwisha cheka." Mtoto akakaa kando yake kwenye benchi, akachukua mpira wa pampu akaanza kuuvuta. "Sukari ya mama imejaa kabatini, Baba. Nimeangalia. Pakiti zote zimefungwa."

Ruedi akaiweka pampu chini.

"Sikumwambia mtu," Frena akasema. "Wa Kengele wako wengi, Baba. Wa Vanili ni mimi na wewe tu."

Ruedi akalia pale pale kwenye benchi, mchana kweupe, mbele ya mtoto, na hakuwa na moshi hata kidogo wa kuusingizia.